IRS imepunguza watu, deni lako halijapungua

Katika makundi ya WhatsApp ya Wabongo, Wakenya na Wakongo walioko Marekani, tangu 2025 yanazunguka maneno mawili yanayokwenda kinyume. La kwanza: IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, imeachisha kazi watu wengi hadi hakuna wa kukufuatilia, basi mwenye deni na alale usingizi. La pili: mipango ya kuwapa nafuu wenye madeni imefungwa, basi usijisumbue hata kujaza fomu.

Kweli iliyomo humo ni moja tu, kwamba wafanyakazi wamepungua, tena sana. Mipango ipo kisheria kama ilivyokuwa, na deni linadaiwa kama lilivyokuwa. Kilichobadilika ni nani yupo upande wa pili wa kulipokea ombi lako. Hapo ndipo habari inapokuwa mbaya kwa mtu wa kipato kidogo, kwa sababu kazi ya kudai siku hizi hufanywa zaidi na kompyuta, ilhali kazi ya kupunguza deni hufanywa na binadamu. Walipoondoka watu, kilichopungua zaidi ni nafuu.

Deni linavyozaliwa

Aliyeajiriwa hukatwa kodi kabla mshahara haujamfikia, na mwaka ukiisha hupewa fomu ya W-2. Huyu mara nyingi hadaiwi, tena hurudishiwa kidogo. Matatizo yako kwa anayelipwa kama mkandarasi, yule wa fomu ya 1099: dereva wa lori anayejitegemea, dereva wa Uber, msafishaji wa maofisi usiku, dada anayetunza wazee majumbani na hajawekwa kwenye orodha ya waajiriwa. Hakuna anayemkata. Anatakiwa ajikate mwenyewe, alipe makadirio mara nne kwa mwaka, na juu ya kodi ya mapato aongeze kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, ambayo ndiyo michango ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee). Wengi huja kulijua hilo mwezi wa Aprili, wakati pesa zimeshakuwa pango, mafuta ya gari na ada za wadogo zao nyumbani.

Deni hilo lina sehemu tatu. Kuna kodi yenyewe. Kuna adhabu: nusu asilimia ya kodi kwa kila mwezi unaochelewa kulipa, na asilimia 5 kwa kila mwezi unaochelewa kupeleka ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, kila moja ikiwa na kikomo cha asilimia 25. Halafu kuna riba, ambayo kwa 2025 ilikuwa asilimia 7 kwa mwaka, nayo huongezwa kila siku. Zitazame adhabu hizo mbili vizuri. Kutopeleka ritani kunagharimu mara kumi ya kutolipa. Anayesema "sipeleki ritani mwaka huu, sina hela" amechagua kosa la bei kubwa akidhani ameokoa.

Njia za kulimaliza

Inayotumiwa na wengi ni kulipa kwa awamu. Ikiwa ritani zako zote zimeshapelekwa na jumla ya kodi, adhabu na riba haizidi dola 50,000, unaweza kuomba mtandaoni na mara nyingi ukajibiwa papo hapo. Ada ya kufungua mpango huo ni dola 22 ukiruhusu benki ikate moja kwa moja kila mwezi; ukiomba kwa simu au kwa barua inapanda hadi zaidi ya dola 100. Mwenye kipato cha chini anaweza kusamehewa ada. Na kama ritani ilifika kwa wakati, ile adhabu ya kuchelewa kulipa hushuka hadi nusu yake wakati wote mpango ukiendelea.

Ipo pia njia ya kufutiwa adhabu. Mtu ambaye rekodi yake ilikuwa safi kwa miaka mitatu iliyotangulia anaweza kuomba aondolewe adhabu kwa kuwa ni mara yake ya kwanza kuteleza. Watu wengi wanaostahili hawaombi, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba inaombwa.

Ya tatu ni kuwekwa kando. IRS inakubali kwamba kwa sasa ukikatwa chochote utashindwa kula au kulipa pango, kwa hiyo inasimamisha ukusanyaji. Deni halijafutwa, riba haisimami, na marejesho yako ya miaka ijayo, yaani kodi unayorudishiwa, yatachukuliwa kufidia. Lakini mshahara na akaunti ya benki vinaachwa.

Ya nne ndiyo inayotangazwa usiku kucha redioni na kwenye YouTube. Kwenye barua utaiona kwa jina la Offer in Compromise. Hapa nitaiita ofa. Unaiambia serikali: nadaiwa kiasi hiki, siwezi kukilipa, pokeeni kiasi hiki kidogo tumalizane. Wakikubali, na wewe ukaendelea kupeleka ritani na kulipa kodi zako kwa miaka mitano inayofuata, kilichobaki kimefutwa kabisa, pamoja na ile kodi yenyewe.

Nini kilitokea 2025

Mwanzoni mwa mwaka huo IRS ilikuwa na wafanyakazi takriban 102,000. Kufikia katikati ya mwaka walikuwa wamebaki kama 76,000, yaani katika kila wanne mmoja ameondoka. Februari walifukuzwa karibu 7,000 waliokuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Wageni hao wa kazi walikuwepo kwa wingi kwa sababu sheria ya 2022 iliiahidi IRS kama dola bilioni 80 kwa miaka kumi ili ijenge upya nguvu kazi yake, ahadi ambayo Bunge lilikuwa limeshaanza kuinyofoa hata kabla ya serikali ya Trump kurudi madarakani. Kisha maelfu wakachukua mpango wa kuacha kazi kwa hiari huku wakilipwa hadi mwisho wa Septemba. Hiari yenyewe ilikuwa ya mtu anayeambiwa atoke kabla hajatolewa.

Juu kabisa nako hakukutulia. Ndani ya mwaka huo mmoja kiti cha mkuu wa IRS kilikaliwa na watu saba. Billy Long, aliyethibitishwa na Seneti mwezi Juni, hakumaliza hata miezi miwili. Oktoba serikali ikafungwa kwa siku 43 kwa kukosa bajeti, na kuanzia tarehe 8 ya mwezi huo karibu nusu ya wafanyakazi waliobaki wakaambiwa wakae nyumbani.

Sasa chukua duka la mtaani lenye daftari la mikopo. Mwenye duka akisafiri, kijana aliyeachiwa kaunta anaweza kusoma daftari na kukukumbusha kila ukipita, na hilo atalifanya kwa bidii. Hawezi kukuambia "leta nusu tuyamalize", hana mamlaka hayo. IRS inaelekea huko, kijana na daftari wapo, mwenye duka hapatikani.

Kijana huyo ni mfumo wa kompyuta. Ndio unaotuma barua ya kwanza ya deni, CP14, kisha CP501, CP503 na CP504, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Ndio unaozidisha riba usiku wa manane. Ndio unaoyanasa marejesho yako kabla hayajafika benki, na unaweza kukata hadi asilimia 15 ya malipo ya Social Security ya mzee aliyestaafu bila mtu yeyote kufungua jalada lake. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji wafanyakazi 102,000.

Ofa ni kitu kingine. Lazima mtu asome taarifa zako za benki, apime kama kweli gari lako lina thamani uliyoandika, apige simu kuuliza karatasi iliyokosekana, kisha aamue. Kuwekwa kando kwa sababu ya ugumu wa maisha nako mara nyingi kunahitaji uzungumze na mtu. Na mshahara wako ukishakamatwa, wa kuuachia ni mtu.

Jambo hili si la kukisia, liliwahi kutokea. Wakati wa Uviko-19 ofisi za IRS zilijaa ritani na barua ambazo hazijafunguliwa, huku kompyuta zikiendelea kuwatumia watu vitisho kuhusu mambo waliyokuwa wameshayajibu. Mapema 2022 IRS ikalazimika kusitisha zaidi ya aina kumi za barua zake za kujiendesha. Barua zilinyamaza, adhabu na riba hazikunyamaza. Desemba 2023 ilibidi itangaze kufuta adhabu za takriban dola bilioni 1 kwa walipakodi wapatao milioni 4.7, waliokuwa wakizidi kudaiwa bila hata kukumbushwa.

"Hakuna wa kukufuata"

Maneno haya yana chembe ya ukweli, ila ukweli huo si wako wewe wa 1099. Watu huchanganya ukaguzi na ukusanyaji. Ukaguzi ni kutafuta kodi ambayo haijajulikana, kazi ya wataalamu wanaopekua vitabu vya makampuni na vya matajiri. Katika miezi ya mwanzo ya 2025 pekee karibu theluthi ya wakaguzi hao walifukuzwa au walikubali kuondoka, na tajiri mwenye kampuni ndani ya kampuni ana sababu ya kupumua. Ukusanyaji ni kudai deni ambalo tayari limeandikwa. Fomu yako ya 1099 ilishapelekwa IRS na kampuni iliyokulipa, nakala yake iko kwenye mfumo, na kompyuta huilinganisha na ritani yako bila kuchoka. Wa kukufuata hahitaji kuwa na miguu.

Ofa kwa hesabu

Sheria inatambua sababu tatu za ofa. Huenda deni lenyewe lina utata. Huenda unaweza kulilipa lakini kukulipisha kungekuwa ukatili kwa mazingira yako. Sababu ya tatu ndiyo ya wengi, kwamba deni halitalipika. Hapo IRS haiangalii huruma, inaangalia hesabu: thamani ya mali zako, ukijumlisha na pesa inayobaki kila mwezi baada ya matumizi ya lazima, mara 12 ukiahidi kumaliza ndani ya miezi mitano, au mara 24 ukiomba muda hadi miezi 24.

Tuseme dereva wa lori Dallas anadaiwa dola 38,000. Baada ya matumizi yanayokubalika anabakiwa na dola 150 kwa mwezi. Hana akiba ya kutajika wala nyumba, ila ana kiwanja Kigamboni chenye thamani ya dola 6,000. Ndiyo, kiwanja cha Kigamboni kinahesabiwa. Fomu inauliza mali zilizo ndani na nje ya Marekani, nawe unaisaini ukijua kwamba kusema uongo humo ni kosa la jinai. Kwa kawaida mali huhesabiwa kwa asilimia 80 ya bei, kana kwamba inauzwa kwa haraka, kwa hiyo kiwanja kinakuwa dola 4,800. Jumlisha 150 mara 12, yaani 1,800, unapata ofa ya dola 6,600. Akitaka muda mrefu inakuwa 8,400. Pamoja na fomu anaweka ada ya dola 205 na, kwa ile ofa ya muda mfupi, asilimia 20 ya alichoahidi, yaani dola 1,320. Mwenye kipato cha chini husamehewa vyote viwili.

Wenzetu wengi hukwama kwenye hayo "matumizi yanayokubalika". IRS ina viwango vyake vya chakula, pango na usafiri, na mara nyingi havilingani na maisha ya mtu mwenye ukoo. Pesa unayomtumia mama kila mwezi haipiti kirahisi. Zaka kwa kawaida haipiti. Mchango wa harusi ya binamu usiutaje. Kwenye karatasi unaonekana una dola 600 za ziada kila mwezi, wakati mfukoni huna hata 50, na ofa inakataliwa kwa sababu ya familia ambayo fomu haiijui. Afisa mwenye muda angeweza kukusikiliza ukieleza na ukileta vielelezo. Afisa mwenye rundo la majalada mezani ataweka viwango na kwenda kwenye jalada linalofuata.

Hata kabla ya upunguzaji, ofa hazikuwa zikikubaliwa ovyo. Mwaka wa fedha wa 2023 ziliwasilishwa kama 30,000 na zikakubaliwa kama 12,700. Mwaka wa 2024 ziliwasilishwa kama 33,600, zilizokubaliwa ni 7,200 hivi.

Kuchelewa kwa jibu nako kuna bei. Kwa deni la yule dereva, kama lote ni kodi, kwa kiwango cha 2025 riba ni kama dola 220 kwa mwezi na adhabu dola 190. Ofa ikikubaliwa, nyongeza hizo zinafutika nayo. Ikikataliwa baada ya miezi tisa, amejiongezea zaidi ya dola 3,600. Ana siku 30 za kukata rufaa, na rufaa nayo inasubiri mtu wa kuisikiliza.

Habari nyingine za mitaani

Wapo wanaosema ukikaa miaka 10 deni linakufa. Ni kweli kwamba IRS kwa kawaida ina miaka 10 ya kukusanya tangu siku deni lilipoandikwa rasmi. Lakini saa hiyo husimama wakati ofa yako inashughulikiwa, husimama ukifilisika, na haianzi kabisa kama hukupeleka ritani na IRS haijakukadiria.

Wengine wamesikia kwamba ofa isipojibiwa ndani ya miezi 24 inahesabiwa imekubaliwa, na sasa wanaomba kwa furaha wakiamini uhaba wa watu utawaokoa. Sheria hiyo ipo. Ila ofa inaweza kurudishwa bila kupimwa, kwa kukosa ritani moja, saini au malipo ya kuanzia, na ikirudishwa hesabu ya miezi inaishia hapo. Kurudishwa si kukataliwa, kwa hiyo hakuna ile haki ya kawaida ya kukata rufaa. Kwa ofisi iliyoelemewa, kurudisha ndiyo kazi rahisi kuliko zote.

Aliyetoka Kenya au Tanzania huwa anangoja msamaha. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ilitoa msamaha wa adhabu na riba ambao uliongezwa hadi Juni 2025, na TRA ya Tanzania ilitoa wa kwake 2018. Lakini kule ilibidi ulipe kodi yenyewe yote ndipo riba na adhabu zifutwe, na ulikuwa kwa kila mtu kwa muda maalumu. Serikali kuu ya Marekani haina desturi ya kutangaza msamaha wa jumla namna hiyo. Ofa ni ya mtu mmoja mmoja, haina msimu, na inaweza kugusa hata kodi yenyewe.

Kuhusu kampuni zinazoahidi kufuta deni lako kwa "senti chache kwa kila dola", sina lugha ya upole. Simu za IRS zikiwa hazipokelewi, wao ndio wanaopokea, wanatoza maelfu ya dola na kutuma ofa ambayo wanajua haitapita. Hawana mlango wa siri. IRS yenyewe ina kikokotoo cha bure mtandaoni kinachokuonyesha kama unakaribia kustahili, na kila mwaka huwaonya watu juu ya kampuni hizi. Na yule ndugu wa kanisani anayejaza ritani za watu, hata awe mwaminifu vipi, hawezi kukuwakilisha kwenye mambo ya ukusanyaji kama si wakili, mhasibu aliyesajiliwa kama CPA, au wakala aliyeidhinishwa na IRS.

Cha kufanya wakati watu ni wachache

Lile linaloweza kumalizwa na kompyuta, limalize na kompyuta. Fungua akaunti yako kwenye tovuti ya IRS uone deni kamili na mwaka linaouhusu. Kama unaweza kumudu awamu, chukua awamu mtandaoni, hata kama moyo ulikuwa kwenye ofa. Awamu haimsubiri mtu. Ofa iache kwa hali ambayo hesabu inaonyesha wazi kwamba hutamaliza, na ukiipeleka, ipeleke ikiwa imekamilika, kwa barua yenye risiti ya kupokelewa au kupitia akaunti yako.

Barua zote ni muhimu, lakini ipo moja isiyolala mezani: LT11, au Letter 1058, taarifa ya mwisho kabla ya kukamata mali. Inakupa siku 30 za kuomba usikilizwe kwa fomu 12153. Ukiomba ndani ya siku hizo, ukamataji kwa kawaida unasimama mpaka usikilizwe, na uchache wa wasikilizaji angalau unafanya kazi upande wako. Ukipitisha siku, haki hiyo kwa ukamilifu wake imepotea.

Ukikwama kabisa, ndani ya IRS kuna ofisi huru ya mtetezi wa walipakodi, unaomba msaada wake kwa fomu 911. Nje ya IRS kuna kliniki za kodi za watu wa kipato cha chini, nyingi ziko kwenye vyuo vya sheria, zinazokuwakilisha bure au kwa ada ndogo sana. Na ukifanikiwa kumpata mtu wa IRS kwenye simu, mwombe mkalimani. Huduma hiyo ni ya bure na ina lugha zaidi ya 350. Majimbo ni habari tofauti: Minnesota ina kodi yake na wakusanyaji wake, Texas haina kodi ya mapato kabisa, na makubaliano na IRS hayalifungi jimbo.

Aliyekwisha kuwa raia ana jambo moja la ziada. Deni likivuka kiwango fulani, kilichokuwa dola 64,000 mwaka 2025, na hatua za mwisho za ukusanyaji zikawa zimepitishwa, IRS hupeleka jina lako Wizara ya Mambo ya Nje, nayo inaweza kukunyima pasipoti au kukataa kuihuisha. Mwenye mpango wa awamu unaoendelea, au ofa iliyopokelewa na bado inapimwa, hawekwi kwenye orodha hiyo. Anayetaka kwenda nyumbani Desemba alishughulikie hilo mapema, maana jina likishapelekwa, kuliondoa nako kunachukua wiki.